Nani Aliyefupisha Safari ya London na Nairobi?

Kilomita kati ya London na Nairobi hazijabadilika. Kutoka uwanja wa Heathrow hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, kwa kupima juu ya uso wa dunia, ni kilomita 6,840 hivi, na zilikuwa hizohizo hata kabla Nairobi haijawa kambi ya wajenzi wa reli. Kilichobadilika ni muda. Mwishoni mwa miaka ya 1920 msafiri alihitaji karibu wiki tatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alihitaji kama wiki moja, na kufikia 1937 siku nne hivi. Katikati ya miaka ya 1960 zilimtosha saa tisa au kasoro. Hapo muda ukakwama, na leo, zaidi ya nusu karne baadaye, abiria bado anakaa angani kati ya saa nane na nusu na saa tisa. Kwa kawaida habari hii husimuliwa kama sifa ya injini: pangaboi likashindwa na jeti, na dunia ikawa ndogo. Naona masimulizi hayo yana pengo kubwa. Injini ilikuwa sharti la lazima, hilo halina ubishi, lakini siyo iliyopanga saa. Saa zilipangwa ardhini, na vituo vya mafuta, na giza la usiku, na mikono iliyofyeka viwanja, na kuliko vyote, na ruhusa ya kupita juu ya nchi za watu.

Ushahidi wa kwanza unapatikana kwa kufuata njia fupi kuliko zote baina ya miji hiyo miwili. Njia hiyo inashuka kusini-mashariki ikapita karibu na Genoa, ikakata bahari na kuingia Afrika kwenye pwani ya Libya, ikavuka jangwa la kusini-mashariki mwa nchi hiyo, ikaiacha Khartoum kwa mamia ya kilomita upande wa mashariki, kisha ikapita Sudan Kusini na Turkana kabla ya kufika Nairobi. Katika zama za mwanzo hakuna ndege ya abiria iliyofuata njia hiyo. Zilipinda zikaufuata mto Nile, kwa sababu kando ya Nile ndiko kulikokuwa na miji, maji, mafuta, simu ya upepo na maofisa wa Uingereza. Umbali wa kwenye ramani na umbali wa msafiri vilikuwa vitu viwili tofauti, na huo wa pili uliamuliwa na swali la nani ameshika nini njiani.

Kabla ya ndege mambo yalikuwa yaleyale baharini. Kwa karne nyingi manahodha wa pwani yetu walihesabu umbali kwa misimu, kaskazi ikileta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba, kusi ikiyarudisha. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869, meli ya mvuke iliacha kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na 1872 kampuni ya British India ilianza kupeleka barua kwa meli ya kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar. Meli hiyo haikungoja upepo, ila ilingoja mambo mengine: makaa ya mawe ya Aden, kuunganishwa na meli ya kutoka Ulaya, na mkataba wa serikali uliolipia huduma. Waya wa simu ulipofika Zanzibar 1879, habari zikaanza kuwatangulia watu kwa wiki kadhaa. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi 1899 na Ziwa Victoria 1901, nayo ikageuza mwendo wa miguu wa wiki nyingi kuwa safari ya siku chache. Kwa hiyo Jomo Kenyatta, alipotumwa na Kikuyu Central Association kupeleka malalamiko ya ardhi mbele ya serikali ya Uingereza, aliondoka Mombasa kwa meli Februari 1929 na kufika London Machi. Aliporejea moja kwa moja, Septemba 1946, alishuka tena bandarini Mombasa. Wakati huo ilikuwa imepita miaka kumi na mitano tangu ndege zianze kufanya safari hiyo.

Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Tunaposema kwamba mwaka 1931 safari ilifupishwa, yafaa tuulize ilifupishwa kwa nani. Safari ya kwanza ya ratiba ya shirika la Imperial Airways iliyoelekea Afrika Mashariki iliondoka uwanja wa Croydon, London, tarehe 28 Februari 1931, na mwisho wake ulikuwa Mwanza. Mzigo wake mkuu ulikuwa barua, na ruzuku ya serikali ndiyo iliyoiweka angani, maana nauli za abiria wachache zisingetosha kulipa gharama. Januari mwaka uliofuata njia ilirefushwa hadi Cape Town. Hii ilikuwa huduma ya dola iliyotaka amri zake, hundi zake na maofisa wake wafike haraka, na ndiyo sababu ilipangwa kupita juu ya Misri, Sudan, Uganda, Kenya na Tanganyika, nchi ambazo wakati huo zote zilikuwa chini ya bendera au ushawishi wa Uingereza. Tanganyika ilipoondoka mikononi mwa Wajerumani baada ya Vita vya Kwanza, waliopanga njia waliona mara moja faida yake: sasa mtu angeweza kutoka Cairo hadi Cape bila kuomba ruhusa kwa dola nyingine.

Maandalizi yenyewe yalianza mapema. Mwaka 1919 vikosi vya wapima ardhi vilitumwa kutafuta na kusafisha viwanja kutoka Cairo hadi Cape, na wenyeji waliajiriwa au kuamrishwa kukata miti, kubomoa vichuguu na kusawazisha ardhi kwa majembe. Mwaka uliofuata marubani Van Ryneveld na Brand walifika Cape Town baada ya siku 45, lakini ndege mbili ziliwavunjikia njiani, na walimalizia safari kwa ya tatu. Alan Cobham aliondoka London Novemba 1925 akafika Cape Town Februari 1926, akipima njia, akitazama mahali pa kutua, akizungumza na magavana. Majina ya marubani hao yamo katika kila kitabu cha historia ya usafiri wa anga. Waliobomoa vichuguu hawatajwi, ingawa bila viwanja vyao hakuna rubani ambaye angefika popote.

Sasa tupige hesabu. Ndege ya Argosy, mojawapo ya zilizotumika mwaka 1931, ilikwenda kama kilomita 150 kwa saa. Ndege ya kutua majini ya Calcutta, iliyochukua mzigo kutoka Khartoum kufuata Nile hadi Ziwa Victoria, mwendo wake haukupishana sana na huo. Tukiiongezea njia zaidi ya kilomita elfu moja za kupinda, ifike 8,000, na tukidhani kwamba yote ilirukwa, tunapata saa 53 hivi za kuwa angani. Wiki moja ina saa 168. Hivyo injini, pamoja na uzee wake wote, ilihitaji chini ya theluthi moja ya muda wa safari. Theluthi mbili zilizobaki zilikwenda kwengine, na huko ndiko mwanahistoria anakopaswa kutazama.

Sehemu ya saa hizo ilikwenda kwenye treni. Kwa miaka kadhaa katika muongo ule, abiria aliyetoka London kwa ndege alishushwa Paris, akapanda treni usiku na mchana hadi Brindisi, kusini kabisa mwa Italia, na huko akaingia ndege nyingine ya kuvuka bahari kuelekea Athens na Aleksandria. Milima ya Alps ilikuwa kikwazo, lakini kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa serikali ya Mussolini, ambayo haikukubaliana na Waingereza kuhusu ndege zao kupita Italia. Katika njia iliyotangazwa kuwa ushindi wa anga, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 ulifanywa juu ya reli kwa sababu ya karatasi isiyotiwa saini.

Sehemu nyingine ilikwenda kwa usiku. Juu ya Afrika ndege hazikuruka gizani, kwa kuwa hapakuwa na taa za kuongoza wala uhakika wa kutua kwa dharura. Abiria aliamshwa kabla ya alfajiri, ndege ikaondoka hewa ikiwa bado baridi na tulivu, ikatua baada ya saa mbili au tatu ili kujazwa mafuta, ikaruka tena, na kufikia alasiri ilikuwa imekwisha kutia nanga kwa siku hiyo. Malakal ilikuwa kituo, na Juba pia. Kati ya miji hiyo miwili kuna kinamasi cha Sudd, maili na maili za mafunjo na maji ambamo ndege ya magurudumu ikiharibika haina pa kushukia, na ndiyo sababu mojawapo ndege za kutua majini zilipendelewa. Port Bell ilihudumia Kampala, kisha Kisumu. Huko Kisumu anayekwenda Nairobi alihamia ndege ya nchi kavu, maana Nairobi haina ziwa. Kwa miaka michache, mji wa Kisumu ulikuwa karibu zaidi na London kuliko Nairobi yenyewe, na Mwanza ilikuwa jina lililochapwa kwenye ratiba za Ulaya. Ukaribu huo ulitolewa na maji ya ziwa, na ulipokwisha, ulikwisha bila kilomita hata moja kuongezeka.

Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa za Short Empire. Zilikwenda kama kilomita 265 kwa saa, zikatoka Southampton hadi Durban bila treni ya katikati, na njia yao ikahamia pwani: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Beira. Tarehe 29 Juni mwaka huo ulianza mpango wa barua wa dola, ambao kwa peni moja na nusu barua ya nusu aunsi ilipelekwa kwa ndege bila malipo ya ziada. Mji wa Lindi, ambao hadi leo wengi hulalamika kwamba uko mbali na kila kitu, uliwekwa katika njia kuu ya barua baina ya Uingereza na Afrika Kusini, kwa kuwa ndege ilihitaji kituo cha mafuta kati ya Dar es Salaam na Msumbiji, na bandari ya Lindi ina maji yaliyotulia. Hakuna ushahidi bora wa hoja yangu kuliko Lindi. Kwa miaka michache ilikuwa karibu na dunia, na ndege zilipoweza kuiruka ikawa mbali tena, wakati bahari yake na bandari yake hazikuondoka mahali pake.

Halafu Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani. Bahari ya Mediterania ilifungwa kwa ndege za abiria za Uingereza, na njia ikakatika juu ya Misri. Ndege zilezile, zenye injini zilezile na marubani walewale, zikapangiwa njia mpya iliyotoka Durban, ikapanda pwani ya Afrika Mashariki hadi Cairo, ikageuka mashariki kupita Ghuba na India hadi Singapore na Australia. Kisumu na Dar es Salaam zilibaki kwenye njia, na Nairobi ikawa na safari za uhakika zaidi za kwenda Sydney kuliko za kwenda London. Msafiri wa London alirudi kwenye meli, tena meli ya kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kama babu yake kabla ya Suez. Anayeshikilia kwamba muda wa safari ni zao la ufundi tu ana kazi ya kueleza mwezi ule, ambamo ufundi haukupungua hata kidogo na safari ikarefuka mara kadhaa.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwenye jeti, na silikwepi. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet ya shirika la BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na ilimaliza zaidi ya kilomita 10,000 katika muda usiofika saa 24. Ilikuwa huduma ya kwanza ya ratiba ya abiria kwa ndege ya jeti duniani, na ilipita juu ya Nile na Ziwa Victoria, siyo juu ya Atlantiki. Je, hapo siyo injini iliyofanya kazi? Ni injini, nakubali. Lakini tuitazame ratiba vizuri. Comet ilipunguza saa za angani, na pia ilianza kuruka usiku kucha, kwa kuwa vita vilikuwa vimeacha nyuma yake mitambo ya redio, viwanja vyenye taa na wataalamu wa hali ya hewa. Saa nyingi zilizookolewa ni saa ambazo zamani abiria alikuwa amelala hotelini. Na ufundi wenyewe ulidai bei yake: ndege ileile iliyozindua huduma ile, yenye alama G-ALYP, ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, nyingine ikaanguka karibu na Naples Aprili mwaka huo, na Comet zikazuiwa kuruka; uchunguzi ukagundua kwamba bati la mwili wake lilikuwa likichoka kwa kubanwa na kuachiwa na hewa.

Isitoshe, jeti haitui ziwani. Inahitaji njia ndefu na ngumu ya kurukia, na uwanja wa Nairobi, ulio mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, unahitaji ndefu zaidi, maana hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini na uwezo wa mabawa kubeba. Njia hiyo ilijengwa Embakasi katika miaka ya Hali ya Hatari, na sehemu ya kazi ilifanywa na watu waliokamatwa na kuwekwa kizuizini kwa tuhuma za Mau Mau. Uwanja ulifunguliwa Machi 1958. Anayetua hapo leo, kwenye uwanja unaobeba jina la mtu aliyekuwa kifungoni wakati unajengwa, anatua juu ya kazi ambayo wafanyakazi hawakupewa nafasi ya kuikataa. Sisemi haya ili kuipunguzia heshima kazi ya wahandisi wa jeti. Nasema saa tisa za leo zina gharama zilizolipwa na watu wengine, na watu hao ni sehemu ya historia ya usafiri wa anga sawasawa na waliobuni injini.

Mwaka 1960 shirika la East African Airways, mali ya pamoja ya nchi zetu, lilianza kurusha Comet 4, toleo lililorekebishwa, na mwaka 1966 likapokea Super VC10 yake ya kwanza. VC10 ilibuniwa kwa kufikiria viwanja kama Nairobi, vya juu na vyenye joto, na ilikuwa na uwezo wa kutoka London hadi Nairobi bila kutua. Mwendo wake ulikaribia kilomita 900 kwa saa au kupita kidogo. Ndege mpya kabisa zinazofanya safari hiyo leo zinatumia mafuta kidogo zaidi na kelele zake ni ndogo, ila hazikimbii kuizidi. Wengine watajibu kwamba hilo ni sheria ya maumbile: ukikaribia mwendo wa sauti, hewa inapinga na mafuta yanateketea. Ni kweli kwa sehemu. Lakini Concorde ilibeba abiria kwa mwendo mara mbili ya sauti kuanzia 1976 hadi 2003, na kilichoibana, pamoja na bei ya mafuta, ni kwamba nchi nyingi zilikataa mshindo wake upite juu ya watu wao. Njia ya Nairobi, ambayo sehemu yake kubwa iko juu ya nchi kavu, haikuwa na nafasi. Hata dari ya mwendo, basi, imewekwa kwa sehemu na ridhaa ya wanaoishi chini yake.

Ridhaa hiyo ilipata wenyewe wapya baada ya uhuru. Kuanzia Agosti 1963 nchi huru za Afrika zilianza kuifungia anga South African Airways kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Ndege zake za Ulaya, ambazo zilikuwa zikipita Nairobi na Khartoum, zililazimika kuambaa juu ya Atlantiki kulizunguka bega la Afrika Magharibi, na kwa miaka mingi zikatua kwenye kisiwa cha Ilha do Sal kujaza mafuta. Johannesburg ikawa mbali zaidi na London kwa saa kadhaa, na hali hiyo ikadumu karibu miaka 30. Ulikuwa uamuzi wa wazi wa kurefusha safari ya mtu, uliofanywa na serikali changa zisizokuwa na ndege nyingi wala injini za kujivunia, na ulifaulu. Naona ni mojawapo ya matendo yenye hekima katika siasa za Afrika ya wakati ule, kwa kuwa uliitumia jiografia kama chombo cha haki, na ulimfanya kila abiria wa shirika lile alipe kwa saa zake.

Hali ya leo inathibitisha jambo hilohilo kwa upande wa huzuni. Vita vilipolipuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, uwanja wa ndege ulikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kupigwa, na anga ya Sudan ikafungwa kwa ndege za kiraia. Anga ya Libya ilikuwa imeepukwa na mashirika mengi kwa zaidi ya muongo mmoja. Nchi hizo mbili ndizo hasa njia fupi ya London na Nairobi inazozipitia, kwa hiyo ndege zikalazimika kusogea upande mmoja au mwingine kuzunguka moto. Kila kilomita 450 za kuzunguka ni nusu saa na mafuta yake, na gharama hiyo inaingia katika nauli na katika bei ya kusafirisha maua ya Naivasha na mboga zinazopelekwa Ulaya mbichi. Khartoum, iliyokuwa kituo kisichokwepeka mwaka 1931, imekuwa tena mji unaoamua ratiba, safari hii kwa kufungika. Watu wa Khartoum wamepoteza mengi mno kulinganisha na nusu saa ya abiria, nami nalitaja hili kuonyesha tu kwamba anga haijawahi kutenganishwa na yanayotendeka chini yake.

Limebaki swali la ruhusa ya mtu mwenyewe, mbali na ile ya ndege. Mwezi Februari 1968 Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza walijazana Embakasi wakiwania viti vya kwenda London, kwa sababu serikali ya Uingereza ilikuwa ikiharakisha sheria ya kuwazuia. Bunge lilimaliza kazi hiyo kwa siku chache, na sheria ikaanza tarehe 1 Machi. Ndege zilikuwepo, na safari ilikuwa ya saa chache tu. Baada ya tarehe hiyo, watu waliokuwa na pasipoti iliyotolewa na serikali ileile walizuiwa mlangoni, na baadhi yao wakazungushwa kutoka uwanja mmoja hadi mwingine bila kupokewa. Katika mwezi uleule uliokuwa na ndege zenye kasi kuliko wakati wowote kabla yake, London ilikuwa mbali na familia hizo kuliko ilivyokuwa mbali na Kenyatta na malalamiko yake mwaka 1929.

Hapa nitaambiwa nachanganya mambo: kusubiri viza ni shughuli ya ofisi, na muda wa safari ni muda wa safari. Nauliza, mbona basi tunazihesabu siku saba za Imperial Airways? Nyingi ya saa zile abiria hakuwa angani. Alikuwa kwenye treni ya Brindisi kwa kukosekana mkataba, alikuwa kitandani Khartoum kwa kukosekana taa, alikuwa gatini Kisumu akingoja mafuta. Tunazihesabu kwa sababu zilisimama kati yake na mahali alipokuwa akienda, na hicho ndicho kipimo pekee chenye maana kwa anayesafiri. Kwa kipimo hicho, raia wa Uingereza anayekwenda Nairobi leo anaomba kibali cha kielektroniki ambacho kwa kawaida hutoka ndani ya siku chache, kisha anaruka saa tisa. Raia wa Kenya anayekwenda London kutembea anajaza fomu, anapeleka taarifa za benki na barua ya mwajiri, anachukuliwa alama za vidole, na muda wa kawaida unaotangazwa wa kupata jibu ni wiki tatu, jibu ambalo huenda likawa hapana. Wiki tatu ni karibu sawasawa na siku ambazo meli ya 1929 ilitumia kutoka Mombasa.